Mbwa wangu hataki kuguswa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Waru ni mbwa wa rangi ya kiazi ambacho hakijaoshwa, na ndipo alipopata jina: waru ni kiazi kwa Kikuyu. Nimekaa naye Donholm, Nairobi, mwaka wa sita sasa. Analala mlangoni pa chumba changu, ananisindikiza hadi geti la korti ya nyumba zetu kila asubuhi, na hataki kabisa nimkumbatie. Majirani, wageni na watu ninaokutana nao kwenye benchi la daktari wa mifugo huniuliza maswali yaleyale, basi nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mimi si daktari. Penye kazi ya daktari nimesema hivyo.

Je, mbwa asiyependa kuguswa ana kasoro?

Hana. Hata kwenye ukoo wenu yuko shangazi anayekukumbatia hadi mbavu zikalia, na yuko mwingine anayekupa ncha za vidole tu, na wote wawili walichangia karo yako.

Mbwa wenyewe hawakumbatiani. Ukiona mbwa amemwekea mwenzake miguu mabegani, ama wanacheza, ama wanapimana nguvu, ama kuna jambo la kuwapata watoto. Kumzungushia mbwa mikono shingoni kwake ni kushikwa mahali asipoweza kutoka. Wengi hujifunza kuvumilia, na baadhi hupenda kweli. Wako na wangu hawajafika huko, na huenda wasifike.

Kwa nini awe hivyo, na mimi simpigi?

Kila mtoto wa Nairobi anajua dawa ya mbwa koko anayekubwekea njiani: inama kama unayeokota jiwe. Hata kama chini ni lami tupu, atatimua mbio. Sasa jiangalie unapotaka kumpapasa mbwa huyohuyo kichwani. Unamsogelea uso kwa uso, unainama, mkono unashuka, halafu unapanda juu ya kichwa chake. Wewe moyoni unasema "njoo, mzuri wangu". Mwili wako umesema jiwe.

Waru alizaliwa nyuma ya vibanda vya soko na akaishi huko kiasi cha miaka miwili kabla mfanyakazi mwenzangu hajamchukua, naye akaniachia alipohama. Hiyo ni miaka miwili ya kusomeshwa kuhusu mikono ya watu, na mwalimu alikuwa hodari. Mimi sijawahi kumpiga, lakini yeye hakuanza kuhesabu siku aliponiona mimi.

Si lazima awe ametoka mtaani. Kuna mbwa aliyenunuliwa akiwa mtoto, akawekwa kwenye kenel nyuma ya nyumba, anafungiwa asubuhi na kufunguliwa saa tatu usiku alinde. Mkono anaoujua ni ule unaosukuma sufuria ya ugali ndani na kurudisha komeo. Wanasayansi wawili, Scott na Fuller, waliosoma mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walieleza mwaka 1965 kwamba kuna dirisha katika maisha ya mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 3 hivi hadi ya 12 au zaidi kidogo, ambapo anaamua nani ni wa kuaminiwa. Kama katika wiki hizo hakushikwa kwa upole na watu mbalimbali, atakapokua atalazimika kujifunza kwa shida jambo ambalo angelipata bure. Mtu anayekuuzia mbwa barabarani hatakwambia wiki hizo zilipitaje.

Halafu kuna asili. Chow Chow na Akita wanajulikana kwa kujitenga. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wengine, watu humfananisha na paka. Lakini nimeona German Shepherd wawili wa tumbo moja, mmoja anakulalia miguuni, mwingine ukimgusa anahama kiti. Usimlaumu mtu kabla hujamtazama mbwa mwenyewe.

Nitajuaje kwamba hapendi? Yeye hutulia tu ninapomshika.

Kutulia si kukubali. Abiria aliyebanwa katikati ya kiti cha nyuma cha matatu naye ametulia.

Tazama mdomo: anajilamba pua haraka, na hakuna chakula karibu. Anapiga miayo na hajachoka. Anageuza uso pembeni, masikio yamelala nyuma, mkia umeshuka, anainua mguu mmoja wa mbele. Ukimwachilia anajikung'uta mwili mzima kana kwamba ametoka kuoga. Dalili ninayoiogopa zaidi ni ile ya kukakamaa: mwili unakuwa kama ubao, mdomo unafungwa, jicho linakutazama kwa pembe huku weupe ukionekana. Hapo ondoa mkono, taratibu, bila kishindo.

Mwaka 2016 Stanley Coren, profesa wa saikolojia huko Kanada, alichukua picha 250 za intaneti zinazoonyesha watu wakiwakumbatia mbwa wao, akatafuta dalili za namna hii. Katika picha takriban 82 kwa kila 100 mbwa alionyesha angalau moja. Zilikuwa picha tu, si kipimo cha maabara, lakini baada ya kusoma hilo nilifungua simu yangu. Nilikuwa na picha kumi na moja nimemkumbatia Waru, zote za mwaka wetu wa kwanza. Kwenye tisa weupe wa jicho lake umechomoza kama mwezi mwandamo. Mimi natabasamu kwenye zote kumi na moja.

Kuna kipimo unachoweza kufanya leo jioni. Keti, usimwendee. Akija mwenyewe, mkune kifuani au ubavuni mwa bega, hesabu moja, mbili, tatu, kisha ondoa mkono uweke gotini. Akisogea, akikusukuma kwa pua au akiegemea, ametaka zaidi. Akibaki alipo anatazama ukuta, au akaondoka, amejibu. Fanya hivyo kwa wiki moja nawe utajua mengi kuliko nitakayoweza kukuandikia.

Zamani alipenda kubembelezwa. Sasa anakwepa. Amekuwa na kiburi?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujafanya lolote lingine. Mbwa aliyezaliwa hapendi ni habari moja. Aliyebadilika ni habari nyingine, na mara nyingi ni maumivu.

Waru alikuwa ameshakubali kukunwa kifua. Halafu mwezi wa Diwali, wiki ambayo fataki zililia usiku kucha, akaanza kuruka kila mkono ulipokaribia upande wake wa kushoto. Nikasema ni fataki zimemvuruga. Nikangoja siku kumi nzima, na hilo bado linaniuma. Daktari alinusa sikio kabla hata ya kuwasha tochi, akanigeukia: "Hujasikia harufu hii?" Ndani kulikuwa na uchafu wa kahawia kama ugoro uliolowa. Dawa ya matone kwa wiki mbili, na kifua kikaruhusiwa tena.

Zaidi ya masikio kuna meno, mgongo, nyonga (German Shepherd na Rottweiler hasa), yabisi ya uzee, kupe waliojificha kati ya vidole, na homa zinazoletwa na kupe, ambazo humwacha mbwa mwili mzima unauma. Mbwa mzee pia huanza kupoteza macho na masikio. Mkono unaomfikia bila kuonekana unamshtua.

Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa mtaani linazo, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Kama huna daktari unayemwamini, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo pale Upper Kabete. Kwingineko, uliza kama mhusika amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Si matusi kumwuliza.

Jambo zito katika swali hili ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao haujatoka Kenya. Mbwa aliyebadilika ghafla, awe mkali au awe mpole kupita kawaida, mate yanatiririka, hawezi kumeza, sauti imebadilika, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Hilo ni kosa ambalo watu wema hulifanya. Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, kisha umpigie daktari wa mifugo simu.

Ananguruma nikimgusa. Nimchape?

Usimchape. Kunguruma ni kengele ya geti. Ukiivunja kengele, mgeni atakuja bado, ila hutamsikia. Mbwa wanaosemwa "aliuma tu bila sababu wala onyo" aghalabu waliwahi kuonya wakachapwa kwa kuonya. Acha unachofanya, sogea mbali naye kidogo, halafu ujiulize ulimgusa wapi na alikuwa anafanya nini.

Nimguse wapi, basi?

Kifua, ubavu wa bega, na kwa wengine pale mgongo unapokaribia mkia. Acha utosi, pua, nyayo, mkia na tumbo. Kulala chali si mwaliko wa kumkuna tumbo kila wakati. Wengine hulala hivyo kuomba waachwe. Ukitaka kumsalimu, chuchumaa ubavu-ubavu, tazama kando, achia mkono karibu na goti lako. Usimpelekee ngumi puani ainuse, kama watu wengi wanavyofanya. Pua yake inakunusa tangu ulipokuwa kwenye ngazi.

Na usimguse akiwa amelala. Waswahili walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Mwite jina kutoka mlangoni, au tikisa funguo.

Sasa nitamwonyeshaje kwamba nampenda?

Swali hili huulizwa kwa huzuni, na naielewa. Mtu ametoka kazini, foleni ya Jogoo Road imemla saa mbili, anataka kiumbe chenye manyoya kimpokee. Waru hunipokea. Husimama hatua tatu kutoka kwangu, mkia unazunguka kama feni, anapiga chafya mara mbili (sijui mwenzake nani hufanya hivyo), kisha anageuka kuniongoza jikoni. Kwa mwaka mzima nilidhani huo ni ubaridi wa moyo. Siku hizi nikimwona hajapiga chafya nahisi nimemkosea.

Mpeleke matembezi na umwache anuse. Dakika ishirini za kunusa kila nguzo na kila ua la mtaa ni karamu kwake. Tukipata gari tunakwenda msitu wa Karura, ambako mbwa hutakiwa awe kwenye kamba, nasi tunatembea upande ambao hauna waendesha baiskeli. Nyumbani, tandaza omena (dagaa) wakavu chini ya gunia au ndani ya boksi la mayai azitafute mwenyewe. Mchezo wa kutafuta unamchosha kuliko kukimbia. Zungumza naye pia. Mimi humsomea bei za mboga.

Wajapani wakiongozwa na Miho Nagasawa walichapisha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa utulivu, homoni ya oksitosini, ileile inayomfunga mama na mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Macho tu. Waru hunitazama nikikuna nazi, na ingawa naamini nusu ya penzi hilo ni la nazi, nalichukua.

Naweza kumzoesha kuguswa, hata kidogo?

Unaweza, na ni lazima kwa kiasi fulani, maana ipo siku atahitaji sindano.

Nunua ini la ng'ombe, lichemshe bila chumvi wala kitunguu, likate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Keti chini. Gusa bega lake kwa nusu sekunde, ondoa mkono, kisha toa ini. Mguso, halafu ini. Watu wengi hugeuza mpangilio: wanaonyesha ini kwanza, mbwa anakuja, wanamkamata. Baada ya mara tatu mbwa anajifunza kwamba ini ni mtego, na umepoteza hata ini. Ukianza na mguso, mguso ndio unaokuwa habari njema, kama sauti ya sufuria ikifunuliwa.

Mara tano zinatosha, kisha simama uende zako. Usingoje achoke. Kesho tena. Akikataa kula, umekwenda mbali mno au uko karibu mno, rudi nyuma. Bega likishazoeleka, sogea shingoni, kisha sikio, kisha mguu, na kila eneo jipya unaanza na nusu sekunde. Waru alichukua miezi miwili kwa bega na miezi mitano kwa nyayo za mbele. Nyayo za nyuma bado tunajadiliana.

Kabla sijajua haya nilimlipa mtu aliyejiita mkufunzi. Alikuja na cheni, akamlaza Waru chali sakafuni, akamkandamiza hadi akaacha kupapatika. "Sasa amejua mkubwa ni nani," akaniambia. Waru hakuingia sebuleni kwa wiki tatu. Alikuwa anakula akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Ukimtafuta mkufunzi, mwulize atafanya nini mbwa akikosea. Jibu likiwa na neno mkubwa, mshukuru na umfungulie geti.

Na kuoga? Na kupe? Na chanjo?

Kuoga: mara chache kuliko unavyodhani. Mbwa mwenye afya hahitaji kuoshwa kila Jumamosi kama gari. Nguo iliyolowa maji ya vuguvugu, na brashi kwa mipigo michache kila siku, vinatosha. Usitumie sabuni ya kufulia. Ngozi ikiwasha, kuguswa kutazidi kuwa adhabu.

Kupe: kuna vidonge vya kutafuna na dawa za matone ya shingoni. Kwa mbwa asiyetaka mikono, kidonge ndani ya kipande cha ini ni amani. Ila uzito wake ujulikane kabla ya kununua. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe ya agrovet usimmwagie mbwa kwa kukisia.

Daktari: mfundishe kidevu. Kunja taulo, liweke gotini. Akiweka kidevu juu yake, ini. Akishaelewa, kidevu kikiwa chini unamgusa sikio, akikiinua unaacha papo hapo. Kuacha papo hapo ndiyo siri nzima: akijua anao mlango wa kutoka, hutoka mara chache. Siku ya chanjo Waru aliinua kidevu mara mbili, daktari akangoja mara mbili, ya tatu sindano ikaingia. Daktari alisema kuna watoto wa binadamu wasiomsikiliza hivyo.

Mzoeshe pia kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile kinachomwacha aheme na anywe maji, kwa kumpakia siagi ya karanga ndani aingize pua mwenyewe. Soma chupa kwanza: utamu wa zailitoli ni sumu kwa mbwa. Kumwona na kikapu watu hudhani ni mbwa muuaji, na huacha nafasi kwenye benchi. Sijawahi kulalamika.

Nina watoto nyumbani. Ni salama?

Kwa masharti. Mtoto yuko urefu wa uso wa mbwa, na watoto hupenda shingo. Wasiachwe pamoja bila mtu mzima kuwatazama, na kutazama si kuwa jikoni ukisikiliza.

Mpwa wangu wa miaka sita alikuja kutoka Machakos likizo ya Agosti. Siku ya pili nikamkuta amepiga magoti, nusu ya mwili iko chini ya meza, ambako ndiko chumbani kwa Waru. Waru alikuwa amegeuza uso ukutani, anajilamba pua. Kisha nikasikia ile ngurumo ya chini, kama jenereta la nyumba ya tatu. Sikumvuta mtoto miguu, maana angepiga kelele. Nilimwita Waru kwa sauti ya chakula, akatoka upande wa pili, nikampa kipande cha mkate, nikafunga mlango kati yao. Ndipo nilipokaa chini, magoti yakitetemeka.

Tulitunga sheria. Chini ya meza ni kwa Waru, na hata mimi lazima nipige hodi. Ukitaka urafiki, mrushie omena pembeni yake, si mdomoni, halafu urudi ulipokuwa. Mpwa aliita hiyo kulipa kodi. Kila jioni saa kumi na moja alikwenda na omena tano kwenye kikombe cha plastiki, akazirusha moja moja, akitangaza mwezi: "Januari. Februari." Alipofika Mei, wiki ya pili, Waru alikuja akaweka kidevu kwenye kandambili yake. Mpwa hakumgusa. Alikuja kuniambia kwa kunong'ona, huku mguu mmoja ukiwa hauna kandambili, maana hakutaka kumwondoa.

Mfundishe pia kila mtoto wa mtaa kusimama kama mti mbwa asiyemjua anapomkaribia: mikono imekunjwa kifuani, macho kwenye viatu, hakuna kukimbia.

Wageni hawasikii. Kila mtu anasema "mbwa wote hunipenda".

Hao ndio wa kuogopa. Jifunze kusema "usimguse" kabla mkono haujatoka mfukoni, na useme bila kuomba radhi. Jisimamishe kati yao. Kamba ya njano, ambayo kwingineko ni ishara ya mbwa anayehitaji nafasi, haisaidii Nairobi. Watu hudhani ni urembo.

Mgeni anayependwa zaidi na Waru ni mama yangu. Kwake mbwa ni wa kulinda boma, na habari ya mbwa sebuleni aliisikia kama habari ya mbuzi kitandani. Alipokuja mara ya kwanza alimpita Waru, hakumtazama, akaketi, akaomba chai. Baada ya nusu saa Waru alikuwa amelala na mgongo wake dhidi ya viatu vya mama. "Mwanangu," mama akasema, bila kushusha kikombe, "huyu ana adabu. Hanirukii." Watu wasiopenda mbwa ndio wanaomsalimu vizuri kabisa: hawamkodolei macho, hawainami, hawanyooshi mkono.

Jirani yangu ni Mwislamu na anaepuka mate ya mbwa. Itakuwaje kwenye ngazi?

Itakuwa rahisi kuliko kwa mbwa anayeramba kila mtu. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Afrika Mashariki, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo si dharau wala woga mtu akijibana ukutani. Fupisha kamba, simama pembeni, mwache apite kwanza. Mimi na jirani wa juu tumefika mahali tunakohoa kabla ya kukata kona.

Akihasiwa ataacha?

Kuhasi kuna faida zake: hatazurura kutafuta majike, na mtaa utapunguza watoto wa mbwa wasio na mwenyewe. Lakini woga wa mikono hautoki kwa upasuaji.

Ameuma mtu. Nifanye nini sasa hivi?

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ana chanjo. Peleka kadi yake ya chanjo, daktari ndiye ataamua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kuosha na sindano humwokoa. Karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huu hutokana na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kuvimaliza kufikia 2030. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa: afungwe na atazamwe siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe.

Chanjo ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mbwa asiyependa kuguswa ndiye wa kwanza kuhitaji kadi safi, kwa sababu siku moja kuna mtu hatakusikia.

Nimechoka. Nimtoe?

Si dhambi kuuliza. Kama nyumba imejaa watoto wadogo na mbwa anaishi kwa hofu, huenda si nyumba yake. Zungumza na KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, useme ukweli wote, pamoja na meno. Usimtupe Ngong Road usiku, na usimpe mtu ukimficha tabia yake. Ila jiulize kwanza: unachokikosa ni mbwa mwema, au ni mbwa wa kukumbatia?

Niandike nini getini? "Mbwa Kali"?

Mbwa Kali iko kwenye kila geti la Nairobi, pamoja na mageti yasiyo na mbwa, kwa hiyo hakuna anayeisoma. Mimi nilimwendea fundi wa mabango nikamwandikia kwenye karatasi: USIMGUSE MBWA. Nilipoenda kulichukua, herufi zilikuwa nyekundu, nzuri, zimenyooka: USIMGUZE MBWA. Nikamwonyesha. Akatazama, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Watu wataelewa tu, mkubwa. Si ndivyo tunavyosema?"

Nikalipa. Sasa kila mgeni husimama getini, anasoma, anacheka, ananiita nje kunionyesha kosa. Inachukua dakika mbili hivi, na hizo zinamtosha Waru kumnusa viatu kupitia upenyo wa chini na kuamua kama atatoka.